Kabla ya Kupanda Mlima



Juma hili tungependa kuwashirikisha jambo lililotupata kabla hata safari yenyewe haijaanza. Sisi mapadri watatu tulio likizoni huku Italia tumekuwa tukipanga kuvuka milima ya Alps kwa pikipiki. Wawili tungali na nguvu. Wa tatu ni mzee wetu, aliyetufundisha kuendesha pikipiki tulipokuwa mafrateri, naye kwa miaka mingi alivifikia vigango vyake kwa chombo hicho, masika na kiangazi.

Mipango tuliifanya kwa bidii. Kutoka Aosta tungepanda njia ya Mtakatifu Bernardo Mkuu, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, na kushukia Martigny, Uswisi. Kisha tungevuka Furka, mita 2,429, na mwisho Stelvio, mita 2,757, ambako upande wa Prato barabara ina kona kali 48. Tulijua kwamba njia hizo hufungwa kwa theluji wakati wa baridi. Tulijua kwamba huko juu hewa ni nyepesi, na pikipiki ya kabureta hupungukiwa nguvu; na kwamba anayeteremka hutumia gia ndogo, breki zisije zikapata moto na kushindwa kushika. Glavu, makoti ya mvua, mafuta, vyote tuliviandika. Tukajigamba kwamba siku mbili zingetosha.

Juzi tulikwenda kujijaribu katika kilima kidogo. Katika kuteremka, mzee wetu alibaki nyuma sana. Tuliporudi tulimkuta kando ya barabara, pikipiki imelala chini. Hakuumia, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka, akaukamata kwa mkono wa kushoto ili tusiuone.

“Baba, mbona hukutuambia?” tulimwuliza, na tunakiri kwamba sauti yetu ilikuwa ya hasira.

“Hamkuniuliza, wanangu,” alijibu. “Nami sikutaka kuwaharibia safari.”

Jioni ile tuliitandaza ramani tena, lakini tuliona haya kuitazama. Tulikuwa tumekagua matairi ya pikipiki zote tatu; mwenzetu hatukuwa tumemwuliza hata hali yake.

Ndipo tukamkumbuka Mtakatifu Bernardo, Shemasi Mkuu wa Aosta, ambaye Papa Pius XI, aliyekuwa mpanda milima yeye mwenyewe, alimtangaza mwaka 1923 kuwa msimamizi wa wapanda milima. Yapata mwaka 1050, Bernardo alianzisha pale juu nyumba ya kuwapokea wasafiri. Wakanoni wangali wanaishi humo, nao hupokea wageni hata wakati wa theluji, barabara ikiwa imefungwa. Mwenye mwendo wa haraka huenda asingeihitaji nyumba ile, kwani angevuka kabla ya giza. Ilijengwa kwa ajili ya yule ambaye usiku ungemkuta njiani. Naye Yakobo, alipokutana na Esau, alikataa kufuatana na mwendo wa ndugu yake, akachagua kwenda polepole kwa kadiri ya watoto na mifugo wachanga.

Kwa hiyo tumeandika upya. Siku mbili zimekuwa sita, na usiku wa kwanza tutaomba malazi katika nyumba ile ya Mtakatifu Bernardo. Tumemwomba mzee wetu akubali kupakiwa nyuma, kama alivyotupakia sisi zamani. Bado hajajibu. Kwa mtu aliyejiendesha maisha yake yote, si neno jepesi, nasi hatutamharakisha. Akikataa, tutapanda basi sote watatu.

Wapendwa, nanyi mna mipango yenu: harusi, ujenzi, hija ya jumuiya, michango. Kabla ya kupiga hesabu ya fedha na siku, tazameni ni nani anayenyamaza katika kikao, mkamwulize kwa upole, angali hajaanguka.

Mtuombee, nasi tunawaombea. Mungu awabariki. Dominika njema.