Nani alikuambia uwe hivyo?

Desemba iliyopita nilikwenda likizo nyumbani Nyakisasa, wilayani Ngara. Siku moja nilimsindikiza mama mdogo zahanati, na kwenye benchi nikamkuta rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, amempakata mwanawe mwenye homa. Huku akisubiri zamu yake, alikuwa akimwelekeza binti aliyejifungua karibuni namna ya kumweka mtoto kwenye titi. Alielekeza taratibu, bila kumwaibisha, mpaka mtoto akaanza kunyonya.

"Wewe ulipaswa kuwa nesi," nikamwambia.

"Si ulisema Fizikia ni ya wavulana?" akajibu, akacheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu ni kweli nilisema.

Mwaka 2012 tulikuwa kidato cha pili katika sekondari moja ya wilaya yetu. Kabla ya kuingia kidato cha tatu, kila mwanafunzi alitakiwa kuamua kama ataendelea na Fizikia na Kemia au ataziacha. Sisi tuliamulia njiani, tukirudi nyumbani kati ya migomba. Tulikuwa wasichana sita, na mwenye mdomo nilikuwa mimi. Fizikia ilikuwa imenishinda, lakini sikutaka kusema imenishinda. Nikasema ni ya wavulana. Wote sita tukaiacha, na Kemia tukaiacha pia.

Mimi sikupoteza kitu. Nilipenda kuandika, na leo naandika habari za afya. Mwenzangu alipoteza, ila nilikuja kujua baada ya miaka miwili.

Tulipokuwa kidato cha nne alikuja mwalimu mpya, akapewa kazi ya malezi na ushauri. Alituita kwa vikundi vya watu kumi, akapanga viti kwa duara, naye akakaa humo humo. Masharti yake yalikuwa mawili: yanayosemwa hapa yabaki hapa, na hakuna kumcheka mwenzako. Hakutuuliza tunataka kuwa nani. Alituuliza: "Nani alikuambia uwe hivyo?"

Mmoja alisema baba yake anataka daktari kwenye ukoo. Mwingine alitaka jeshi kwa sababu mshahara hauchelewi. Mvulana mmoja alitaka kuendesha malori kama yale yanayopita Lusahunga kwenda Rusumo, na alipoulizwa akakiri kwamba hajawahi kuona kwa karibu kazi nyingine inayolipa. Kila aliyesema alimpa nguvu anayefuata.

Zamu ya rafiki yangu ilipofika, alieleza kuhusu usiku ambao mama yake alishikwa na uchungu, na nesi aliyewapokea. Tangu usiku huo alitaka kuwa kama yule nesi. Tulikaa dawati moja miaka minne, sikuwahi kulisikia hilo. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akamweleza kwa upole kwamba vyuo vya afya vingemuuliza Kemia na Fizikia. Hakuna aliyenitazama, lakini mimi niliinamisha kichwa.

Mzazi, nimejifunza hapo kwamba watoto wetu hawakosi ushauri wa kikundi. Wanao kila siku, njiani na kwenye simu, lakini wengi hawana mtu mzima wa kukisimamia kikundi hicho. Kikiwa na msimamizi, mtoto anagundua kwamba hofu yake si yake peke yake, na anapata ujasiri wa kusema asichoweza kusema mezani mbele ya baba. Kikikosa msimamizi, mwenye sauti kubwa anawachagulia wote.

Na ushauri una wakati wake. Hata leo, diploma ya utabibu inataka ufaulu wa kidato cha nne katika masomo manne, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hata D inakubalika, lakini mtoto aliyeacha somo hana hiyo D. Kwa hiyo kumshauri mtoto akiwa kidato cha nne ni kumwonyesha mlango baada ya kufungwa. Mtaala mpya sasa una mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi za kidato cha tano kufikia 65. Njia zimeongezeka, na mahali pa kupotelea pia.

Huhitaji kusubiri shule. Kwanza, uliza kama kuna mwalimu wa ushauri, na kama anakutana na kidato cha kwanza na cha pili. Pili, Jumapili moja kaa na mwanao na wenzake wanne au watano, umwalike nesi wa zahanati au fundi umeme aeleze alisoma nini na alianguka wapi. Huku Ngara vijana wengi wanasikia habari za nikeli ya Kabanga. Wachache wameambiwa kwamba mgodi unahitaji wachomeleaji, mafundi mitambo, wapishi na wauguzi, si wanajiolojia tu. Tatu, kumbuka kwamba si kila jambo ni la kikundi. Mtoto mwenye siri ya kupigwa au kuguswa vibaya anahitaji kusikilizwa peke yake na mtu anayemwamini.

Na umwulize swali la yule mwalimu. Jibu likiwa ni wewe, usikasirike.

Pale zahanati nilimwomba rafiki yangu msamaha. Alisema tulikuwa watoto. Kisha akanionyesha binti yake mkubwa, wa darasa la pili, aliyekuwa akichora chini kwa kijiti.

"Huyu akifika kidato cha pili," akasema, "njoo ukae naye. Ila safari hii sikiliza kwanza."