Kaka na kile kioo cha nukta nyekundu

Huku Hayes baridi ipo, zamu za usiku zipo, na ndege za Heathrow zinanguruma juu ya paa kama kawaida. Leo siandiki habari za wodini. Kakangu mkubwa kaniuliza jambo kwenye simu, na kwa vile najua wako wengine Mombasa na Nairobi wenye bastola za leseni watakaouliza hilo hilo, nimeona nijibu hapa mara moja.

Kaka anataka kioo cha kulengea cha kufunga juu ya bastola yake, kile ambacho ukichungulia unaona nukta nyekundu. Tangu duka livamiwe hataki mchezo, na siku hizi huenda kufanya mazoezi Kirigiti, kule Kiambu, na kila akienda anakuta wenzake wanavyo. Basi kaona kimoja kwenye mtandao, kinauzwa huku Uingereza pauni 30. "Nichukulie viwili, uje navyo Desemba."

Jamani, kwanza mjue niko nchi gani. Huku bastola raia hana. Machi 1996 mtu mmoja aliingia shule ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao, na mwaka 1997 sheria mbili zikapitishwa za kuziondoa karibu bastola zote mikononi mwa watu. Sasa mtu atauza kioo cha bastola cha pauni 30 kwa nani? Kwa vijana wenye bastola za mchezo, zile zinazorusha vidonge vya plastiki! Vioo vyao vingi ni vya kuiga, umbo ni lile lile la Trijicon, wengine hata jina wanaliandika. Lakini kidonge cha plastiki hakipigi teke. Bastola ya kweli, kila risasi ikitoka, ile sehemu ya juu inarudi nyuma kwa nguvu kisha inasukumwa mbele, na kioo kimefungwa hapo hapo. Cha kuiga kitalegea au taa itazima. Na hakitazima dukani unapokijaribu, kitazima siku unayokihitaji.

Kwa hiyo kaka, soma polepole.

Ndani ya kioo mna taa ndogo sana inayopiga kwenye lenzi, na lenzi inairudisha jichoni. Aimpoint wa Sweden ndio walioanza kuuza vya namna hii miaka ya 1970. Kwenye vile vya wazi, kama RMR ya Trijicon iliyotoka 2009, taa iko nje nje. RMR ni ngumu kweli, umbo lake la juu limechongwa ili ikianguka kishindo kiende pembeni badala ya kwenye lenzi. Lakini tone moja la maji au uchafu ukikaa juu ya taa, nukta imepotea. Sasa wewe unatembea nayo kiunoni Mombasa, na jasho lile tunalijua! Mimi ningechukua cha kufungika pande zote, taa iko ndani ya kijumba chenye kioo mbele na nyuma. ACRO P-2 ya Aimpoint ni hivyo, na betri yake kwa mwangaza wa kawaida wanasema inafika saa 50,000, yaani zaidi ya miaka mitano. Ikikushinda bei, Holosun 509T pia imefungika. Zote mbili betri inaingilia ubavuni. Kwenye RMR ya kawaida betri iko chini, kuibadilisha lazima ufungue kioo kizima, kisha uhakikishe upya kama bado kinalenga pale pale.

Na kudumu si kioo peke yake. Skrubu zikazwe kwa kipimo na kutiwa gundi yake, kisha upige mstari wa rangi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye kioo. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Vilengeo vya chuma usiving'oe, viwe virefu kiasi cha kuonekana kupitia kioo. Sisi wauguzi toroli la dharura tunalikagua kila siku hata kama halijatumika mwezi mzima. Fanya vivyo hivyo.

Halafu lile la macho. Ulisema kioo cha rafiki yako ni kibovu, nukta imechanika kama nyota. Kabla hujamlaumu, ipige picha kwa simu. Ikitoka duara kwenye picha, kioo kizima, ni jicho lako lina kasoro ya umbo, nenda ukapimwe. Baba naye alivaa miwani mapema, unakumbuka.

Mama alinipigia kando, anaogopa, anataka nikatae kabisa. Mama, bastola ipo tayari, leseni ipo, na watoto wako nyumba hiyo hiyo. Kinachonitisha zaidi ni yeye kutegemea kitu cha bandia. Nimemwambia kaka sitabeba kioo chochote cha silaha kwenye begi langu Heathrow, mkinichukia nichukieni. Aulize Bodi ya Leseni za Silaha, anunue kwa muuzaji wa Nairobi mwenye kibali, kimoja cha kweli badala ya viwili vya pauni 30. Nusu ya bei nitatuma mimi mwisho wa mwezi, nusu atoe yeye, na sanduku la chuma la kuifungia bastola anionyeshe kwa video kwanza, kufuli ikiwa imefungwa.

Desemba nitakuja na betri. Kaka, ukishanunua niambie ni aina gani, maana ACRO inatumia CR2032 na ile Holosun CR1632, na hapa Uxbridge Road zote nazipata.