Fimbo ya Ncha Nne

Nyumba ya mjomba wangu, ndugu yake mama, ilikuwa Ngamiani mjini Tanga, katika zile barabara zilizopewa hesabu badala ya majina. Na barazani pake, mahali ambapo majirani waliweka bao la mchana, yeye aliweka kerezo. Mwaka 1955, nilipokuwa na umri wa miaka tisa, mimi ndiye niliyekuwa mvuta uta wake kila nitokapo chuoni, nikiuvuta mbele na nyuma hata mti ukazunguka na patasi yake ikatoa maganda membamba yaliyojikunja miguuni petu. Amali yake ilikuwa kukereza matendegu ya vitanda, michi na mipini ya visu. Lakini kila mwezi alikuja mtu mmoja amechukua furushi refu lililofungwa kwa kipande cha kitambaa cha kijani, na ndani ya furushi hilo mlikuwa na fimbo za biliadi zilizotaka kutengenezwa.

Mtu huyo alikuwa mhudumu wa chumba cha biliadi katika klabu moja ya Wazungu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu alama za wachezaji, kuipiga meza burashi na pasi ili kitambaa chake kilale upande mmoja, kuzipanga fimbo ukutani, na kucheza na bwana yeyote aliyekosa mwenzi. Tanga ya zama zile ilikuwa mji wa mkonge. Mmea ule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, ukasalimika miche 62 tu, ulikuwa umeyafunika mashamba kutoka Muheza hata Korogwe, na fedha yake ndiyo iliyonunua meza zile za futi 12 kwa 6, zenye mabamba ya jiwe chini ya kitambaa na uzito uliozidi tani moja. Meza zilitoka Uingereza, na fimbo pia; bali ncha za ngozi ziliisha, pete zilipasuka, na mti, kama ujuavyo hewa yetu ya pwani, ulipinda. Kuzirudisha fimbo Uingereza kwa sababu ya kipande cha ngozi kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi kusingeingia akilini, ndipo zikaja kwa mjomba.

Nataka nieleze alivyoibandika ncha, kwa kuwa sijaona tena kazi ndogo iliyofanywa kwa taadhima kubwa kama ile. Kwanza aliikwangua gundi kuukuu hata pete ikawa safi, akaipitisha juu ya tupa iliyolazwa mezani ili uso wake uwe sawasawa, kisha akaichukua ngozi mpya akaipiga kwa nyundo ndogo mara chache ili ishibane. Gundi ilichemshwa ndani ya kopo lililotiwa ndani ya sufuria ya maji moto, isiungue. Aliweka tone moja, akaibana ngozi kwa kidole gumba huku midomo yake ikihesabu, akaifunga kwa uzi, na fimbo ikalazwa hata asubuhi. Baada ya sala ya alfajiri ndipo alipoukata uzi, akaikata ngozi iliyozidi kwa wembe, akamaliza kwa jani la msasa, jani lile la mti ambalo karatasi ya dukani imechukua jina lake, hata ncha ikawa na mviringo mdogo kama kuba. Mviringo huo na ngozi hiyo ndivyo vilivyoubadili mchezo wenyewe, kwani kabla ya Mfaransa François Mingaud kubandika ngozi kwenye ncha ya fimbo mwanzoni mwa karne ya 19, watu waligonga mpira kwa mti mtupu, wasiweze kuuamrisha urudi nyuma wala uzunguke.

Ilipokwisha kazi ya ncha, mjomba aliiviringisha fimbo juu ya kioo cha kabati lililolazwa, akasikiliza. Fimbo nyofu hupita kimya, iliyopinda hugonga. Kisha aliinua mpaka jichoni, akaielekeza kwenye mlango ulio wazi, akaizungusha polepole. Nilipojaribu mimi aliniambia, “Mpwa wangu, usiutazame mti. Utazame mwanga ulio kando ya mti.”

Siku moja mhudumu yule alikuja na fimbo moja tu, ambayo mpini wake ulipasuka na klabu ikaitupa. Nawakumbuka wote wawili wamekaa barazani, kahawa katikati yao.

“Fundi, nataka unitengenezee hii, iwe yangu.”

“Yako ya kuchezea wapi, bwana?”

“Pale pale. Usiku, mabwana wakisha kwenda zao.”

Mjomba hakucheka wala hakuuliza zaidi. Aliuchukua mti ule mweupe wa Uingereza, ambao mishipa yake ilipanda kama vichwa vya mishale, akaukata ule mpini uliopasuka, na mwisho wa mti uliobaki akauchonga kwa randa ukawa na pande nne zilizosonga kuelekea juu. Juu ya kila upande alibandika ubapa wa mpingo, akaufunga wote kwa kamba, akauacha siku nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kamba ilipofunguliwa ulikuwa na umbo la gogo baya. Nilishika uta nikidhani sasa tutakereza, naye akanikataza: kitu kirefu chembamba hutetemeka katika kerezo, na fimbo hutaka randa na mkono. Akairanda robo duara kwa robo duara, na pale mpingo mweusi ulipokuwa ukiukabili mti mweupe zikatokea, zenyewe, ncha nne ndefu, zote za kimo kimoja. Hakuzichora. Zilitokea kwa sababu pande nne zilikuwa sawa. Na laiti upande mmoja ungezidi kwa unene wa ukucha, ncha moja ingekuwa ndefu kuliko wenzake na kila mtu angeiona kasoro. Pete ya juu aliikereza kwa pembe ya ng’ombe.

Pembe ya ng’ombe, nasema, na hapo pana kisa kirefu. Babu yetu mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani, na katika utoto wake aliziona safari za bara zikishuka na pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi, zikielekea majahazini na Unguja. Pembe ya pwani yetu ilisifiwa ughaibuni kwa ulaini, na sehemu kubwa yake iliishia katika vitu viwili: vibao vya piano na mipira ya biliadi. Mpira ulikatwa katikati ya pembe ili mshipa wake upite kwenye kitovu, la sivyo ungekwenda upande. Kwa hiyo pembe nzima haikutoa ila mipira michache. Uhaba ulipozidi, mwaka 1863 wenye viwanda Marekani walitangaza dola 10,000 kwa atakayebuni badala ya pembe, na katika kuitafuta zawadi hiyo John Wesley Hyatt akapata selulodi, mojawapo ya plastiki za kwanza duniani. Mafundi wa fimbo nao waliendelea kutumia pembe ya ndovu kwa pete karne nzima iliyofuata, mpaka biashara yake ilipopigwa marufuku na mataifa mwaka 1989, kwa pendekezo lililotoka, pamoja na wengine, kwa Tanzania yenyewe. Babu aliwaona watu waliokufa chini ya mizigo ile. Asingekubali pete ya ndovu nyumbani mwake, na mjomba alimstahi hata baada ya mauti yake.

Sikupata kumwona mhudumu yule akicheza wakati wa ukoloni, kwa kuwa mtoto wa Kiafrika hakuwa na njia ya kupita mlango ule. Nilimwona baada ya 1961, milango ilipofunguliwa. Alikuwa amevaa kanzu siku hiyo, si sare. Alipaka chaki, akainama hata kidevu chake kikaigusa fimbo, na kwa muda ambao sigara ya mtu aliyekaa karibu nami iliwaka ikaisha, hakuna mwingine aliyepata zamu ya kugonga. Wenye klabu waliobaki walipiga makofi. Mjomba, aliyealikwa kwa mara ya kwanza kuketi katika chumba ambacho kazi ya mikono yake ilikuwa imejaa miaka yote ile, hakuutazama mpira hata mara moja. Alikuwa akiitazama fimbo, kama imenyooka.

Kisha mkonge ukaanguka bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, wenye meza wakaondoka, na hapakuwa na fedha ya kigeni ya kununulia kitambaa. Meza moja niliyoijua iliishia kuwa jukwaa la kukatia nguo. Mhudumu alipofariki fimbo yake ililetwa kwa mjomba, na mjomba alipofuata, mwaka 1979, ikaja kwangu. Nikaifunga kwa kitambaa, nikaiweka juu ya kabati.

Pool ilipoingia mabaa katika miaka ya 1990, na meza zake ndogo za kutia sarafu zikasambaa kutoka Chumbageni hata Makorora, na Muheza, na Pangani, nilifurahi kwanza, kisha nikahuzunika. Nilifurahi kwa sababu mchezo uliokuwa wa watu thelathini ulikuwa sasa wa kila kijana mwenye sarafu. Nilihuzunika kwa sababu ya fimbo. Zilikuwa mbili kwa meza, zimepinda kama upinde wa kerezo letu, ncha imetoka, na vijana wakigonga kwa plastiki tupu, yaani wamerudi zama za kabla ya Mingaud bila kujua. Katika ukumbi mmoja nilimwambia mwenyewe kwamba kwa ngozi na gundi ya shilingi chache fimbo zake zingepona. Akanijibu kwamba ikiharibika atanunua nyingine. Sikuwa na jawabu, maana alisema kweli: nyingine zilikuwako, zinakuja kwa makasha, na bei yake ni ndogo kuliko ujira wa fundi.

Hata hivyo mchezo ulikua. Chama cha Pool Tanzania kikaandaa mashindano ya taifa kwa udhamini wa bia ya Safari, mikoa ikapeleka timu, Tanga ikiwamo, na vijana wakaanza kuishi, angalau kwa msimu, kwa mchezo huu. Mjukuu wa mjomba alikuwa mmoja wa walioshindana mkoani, na kwake ndiko nilikojifunza kwamba mchezaji wa kweli haazimi fimbo. Yake ilikuwa ya vipande viwili vinavyounganishwa kwa skrubu, katika mkoba wa ngozi bandia. Aliita stiki, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Hali hiyo ni moja dunia nzima. Stephen Hendry wa Scotland alitwaa ubingwa wa dunia wa snuka mara saba kwa fimbo rahisi aliyokuwa nayo tangu ujana, na ilipovunjika katika safari ya ndege mwaka 2003 magazeti yaliandika kama habari ya msiba. Marekani nako, George Balabushka, mhamiaji kutoka Urusi aliyefariki mwaka 1975, alitengeneza fimbo kwa mikono yake mjini New York, na leo watu hununua moja kwa bei ya gari.

Nilimshushia kijana fimbo ya ncha nne. “Shikamoo babu,” alisema, kisha akanyamaza, akaiviringisha mezani. Baada ya miaka zaidi ya sitini ilipita kimya. Lakini alipoichezea alitikisa kichwa kwa adabu. “Babu, ncha ni nyembamba. Mipira yetu hii ni mizito, hii itaniteleza.” Na alikuwa na haki: ncha ile ilikuwa ya milimita 10 hivi, ilhali yake ilikaribia 13. Kumbe nilikuwa nimetunza miaka yote ile chombo cha mchezo mwingine.

Basi tulikwenda wote wawili kwa mwanafunzi wa mwisho wa mjomba, ambaye sasa kerezo lake lazungushwa kwa mota ya umeme, tukamwekea fimbo ya zamani mbele kama kielelezo. Mti mweupe wa Uingereza haukupatikana. Tulitumia msaji mkavu, ulionyooka mishipa, na mpingo tulinunua kwa risiti, kwani mti huo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa, na wanakijiji wa Kilwa wamekwisha kuonyesha, tangu walipopata cheti cha kimataifa mwaka 2009, kwamba waweza kuvunwa bila kumalizwa. Fundi alichonga pande nne, akabandika, akafunga, akangoja. Ncha za mara ya kwanza hazikulingana. Za mara ya pili zililingana, tatu. Ya nne ikawa fupi kwa upana wa nywele, naye kijana akakataa isibadilishwe. Anaichezea mpaka leo. Msaji ni mzito kuliko mti wa Uingereza, na asema mkono umekwisha kuuzoea.

Kwa wazee wenzangu wa Tanga, Pangani na Lushoto ambao bado wana fimbo za klabu za zamani zimetupwa stoo au zimefanywa miti ya chandarua, nina ombi moja. Msizitie kuni. Pelekeni kwa fundi yeyote anayekereza, hata kama zimevunjika, aone jinsi ncha nne zilivyopatikana. Fundi wetu ana umri wa miaka 71, na hajapata mwanafunzi.