Kompyuta za Kuhariri Picha Ogwedhi

Soko la Ogwedhi liko mpakani, pale nchi ya Wajaluo wa Migori inapokutana na ile ya Wamaasai wa Transmara, na watu wengi hulijua kwa mnada wake wa ng'ombe. Lakini sisi tulioshika kazi ya kupiga na kuhariri video za harusi na matanga tulilijua pia kwa jambo jingine, nalo ni kwamba akraba wengi wa watu wa huku wamesambaa Nairobi, Mombasa, Uingereza na Marekani, na kila anayeshindwa kufika mazishini hutaka kuyaona kwa macho yake, tangu jeneza lilipoingia bomani hadi mgeni wa mwisho alipoaga. Kwa Mjaluo, ambaye aghalabu hurejeshwa kuzikwa kwao hata akifia ng'ambo, picha za mazishi ni hati ya ukoo: ndani yake huonekana nani alikuja, nani alisema nini juu ya marhumu, na wajane na mayatima waliachiwa nani. Ndiyo sababu suala la mashine ya kuhariria picha hizo halikuwa kwangu suala la anasa hata siku moja.

Katika zama za kanda za VHS hapakuwa na kompyuta. Deki mbili ziliunganishwa kwa waya, moja ikisoma na ya pili ikinasa, na mhariri akakaa kati yake akibonyeza na kuachia, naye alijua ya kuwa kila nakala itakuwa hafifu kuliko ile iliyotangulia. Mama akiomba nakala ya nakala ya harusi ya mwanawe, alipewa nyuso zilizofifia kama za watu walio nyuma ya pazia.

Kanda ndogo za DV ndizo zilizoniingiza Barabara ya Luthuli, Nairobi, kutafuta kompyuta. Wauzaji wa pale walisifia kasi ya prosesa, na Pentium 4 ndiyo iliyokuwa fahari ya siku zile, mmoja wao akaniambia kwa yakini kubwa, "Ndugu yangu, hii haina mwenzake, utaifanyia kila kazi." Lakini mimi niliuliza habari za diski, na nadhani alishangaa. DV ilikuwa muungwana kwa prosesa: kila fremu iliandikwa kwa ukamilifu wake, ikijitegemea, hivyo kuikata hakukuhitaji hesabu nyingi. Uzito wake ulikuwa katika wingi. Megabiti 25 zilipita kila sekunde, saa moja ikachukua gigabaiti 13 hivi, na diski ya gigabaiti 80, iliyohesabiwa kuwa kubwa, ilijaa kwa saa sita tu, ilhali matanga ya kwetu, ukijumlisha mkesha na ibada na hotuba za wazee, huzipita saa hizo bila taabu. Kwa hiyo kompyuta yenye nguvu, kwa mhariri wa wakati huo, ilikuwa ile yenye diski pana inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, pamoja na tundu la FireWire la kuingizia picha kutoka kwenye kamera. Mengine yalikuwa mapambo.

Mwaka 2006 Sony na Panasonic walitangaza utaratibu wa AVCHD, na kamera zake zilipofika Migori kila mteja alitaka HD. Hapa ndipo ilipotokea ajabu ambayo hadi leo naiona kuwa kiini cha habari yote hii. Picha mpya ilikuwa na pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600, mara tano ya zile 414,720 za DV. Hata hivyo mwanzoni haikuzidi megabiti 24 kwa sekunde, na faili zake zikawa ndogo kuliko za kanda. Mtu asiyejua angedhani kazi imepungua. Lakini kompyuta ileile iliyokata DV kwa raha ilikwama mbele ya faili ndogo hizi. Sauti ilitangulia, picha ikabaki nyuma, na askofu akaonekana akifumba mdomo wakati sala yake ilikwisha kitambo.

Sababu yake ni namna picha hizo zilivyobanwa. Kodeki ya H.264, inayotumiwa na AVCHD, haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika tafauti tu, yaani kilichosogea na kilichobadilika, na nyingine huelezwa kwa kutegemea iliyo mbele na iliyo nyuma kwa pamoja. Ukitaka kuiona fremu iliyo katikati ya kundi, kompyuta haina budi kurudi kwenye ile kamili na kuzihesabu zinazohitajika hadi ifike hapo, mfano wa mzee wa ukoo ambaye, ukimwuliza kuhusu kijana fulani, lazima aanze na babu yake ndipo amfikie. Mtazamaji wa kawaida haoni dhiki hiyo, maadamu yeye huenda mbele tu. Mhariri ndiye anayekwenda na kurudi, akasimama, akavuta, akalinganisha, na kila anapogusa anaiamuru mashine ianze nasaba upya. Basi nguvu ikahama kutoka diskini ikaenda kwenye prosesa.

Tuliokosa prosesa ya namna hiyo tulikuwa na njia ya busara, ambayo hata leo ningemshauri mtu aitumie kabla hajakopa fedha: kuzigeuza picha zote ziwe za kodeki nyepesi ya kati, ambayo kila fremu yake hujitegemea, au kutengeneza nakala ndogo za kuhariria kisha kurejea kwenye asili wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Ugeuzaji huo ulichukua usiku kucha, na stima ya Ogwedhi ilipokatika katikati ya usiku, kazi ilianza tena alfajiri. UPS, yaani betri ya akiba, ikawa kifaa cha lazima, nami niliitanguliza mbele ya kioo kipana na spika ambazo vijana wenzangu walinunua.

Kisha mambo yakaenda upesi. Mifumo ya kawaida ya biti 32 haikuweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za RAM. Adobe walipotoa Premiere Pro CS5 mwaka 2010, programu hiyo ilikubali biti 64 peke yake, na ikajua kuikabidhi kadi ya NVIDIA sehemu ya kazi ya kuchanganya na kupaka rangi. Mwaka uliofuata Intel walitia ndani ya prosesa zao sehemu maalumu ya kufumbua H.264, iitwayo Quick Sync. Diski za SSD nazo zikaondoa subira ya kufungua mradi. Nguvu ikawa imehama mara ya tatu, safari hii ikajificha katika kile kipande kidogo cha silikoni cha kufumbulia picha, ambacho matangazo ya dukani hayakitaji.

Kujificha huko ndiko kunakoniudhi, maana kunawagharimu vijana fedha za jasho. Binti wa dada yangu, aliyerithi kazi hii, alikuja kwangu akiwa ameahidiwa kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya michezo.

"Mjomba, wanasema hii itakata chochote," akaniambia.

"Mwanangu, kamera yako inaandika kodeki gani?"

Ilikuwa HEVC, biti 10, kwa mpango wa rangi wa 4:2:2, unaopendeza sana wakati wa kurekebisha nyuso zilizopigwa juani. Nikamweleza kwamba kadi za NVIDIA za vizazi vilivyotangulia mfululizo wa RTX 50 haziufumbui mpango huo, hata ziwe za bei gani, bali sehemu ya michoro iliyo ndani ya prosesa za Intel huufumbua tangu kizazi cha 11. Na kwamba prosesa ya ile mashine aliyoahidiwa ilikuwa na herufi F mwishoni mwa jina lake, ishara ya kuwa sehemu hiyo haitumiki humo kabisa. Akarudi dukani akachukua laptopu iliyokwisha kutumika, ya kizazi hicho cha 11, yenye RAM ya gigabaiti 16 na SSD, isiyosimama ghafla stima inapokatika. Na fedha zilizobaki akanunulia diski mbili za nje, za kuhifadhia picha asili, kwa sababu jamaa wa marhumu huja kuziulizia hata baada ya miaka mingi.