Mbwa Akiuma, Kimbilia Sabuni

Ukiishi Umoja, Kayole au Dandora, mbwa ni jirani yako, utake usitake. Mimi nafuga wawili, na watoto wa ploti huwavuta mikia.

Nawapenda, lakini kwangu sheria ni moja: akiuma au kukwaruza, hata kidogo, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Mfereji ukikauka, miminia kwa mtungi. Kisha hospitali, chanjo siku hiyo hiyo. Mafuta taa na pilipili si dawa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea, kupona ni nadra mno.

Mtoto anayeficha kidonda kwa kuogopa kiboko ndiye aliye hatarini zaidi. Mwambie leo: “Ukiumwa, sema. Sitakuchapa.”

Na mbwa wako je, amechanjwa mwaka huu?