Sukari Niliyoificha

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Katika giza hilo, almanusura nimpoteze dada yangu.

Dada ana miaka 10. Mwaka jana alishikwa na kiu isiyokatika, akawa anakojoa kila mara na kukonda kama ng'onda. Majirani zetu hapa Kakamega wakanong'ona ati amerogwa. Kukhu akamchemshia majani machungu. Wapi! Hospitalini tuliambiwa ni kisukari: kongosho lake halitengenezi tena insulini, ile homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika seli za mwili. Tangu hapo hudungwa sindano kila siku. Kwa kuwa hatuna friji, mama huweka dawa katika chungu kidogo kilicho ndani ya chungu kikubwa, na katikati mchanga uliolowa maji.

Mimi nikajifanya askari. Nililificha kopo la sukari juu ya kabati. "Wee, unataka kujiua?" nilimkemea kila alipolitazama.

Jumamosi moja mama alimdunga sindano, akaniagiza nimpe viazi vitamu mara moja, kisha akaelekea dukani. Nikazama katika kitabu cha hadithi, viazi vikabaki vibichi. Punde dada akaja akitetemeka, jasho likimtiririka. "Nipe sukari, tafadhali." Nikakataa katakata! Akaanza kuropokwa, akaketi sakafuni pu!

Kwa bahati mama alirudi. "Sukari iko wapi?" Alikoroga maji ya sukari, akamnywesha polepole kwani bado aliweza kumeza. Baada ya kama dakika 15, dada aliuliza, "Viazi vimeiva?" Nilibubujikwa na machozi.

Kumbe insulini huendelea kuishusha sukari hata kama mtu hajala, na ikishuka mno yaweza kumwua upesi. Sukari niliyoificha ndiyo iliyokuwa dawa yake siku ile.

Zamani mtoto kama yeye hakuwa na tumaini. Mnamo Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Aliishi miaka 13 zaidi.

Wasomaji wenzangu, msiwe askari wa jambo msilolijua. Siku hizi kopo letu liko mezani, na viazi huiva kabla ya sindano.