Mwangalie yule ambaye hakupona

Zipo mada zikiguswa mezani chakula kinapoa. Nyumbani kwetu mada hiyo ilikuwa huduma ya maombezi ambayo mama mkwe wangu alianza kuhudhuria.

Mama ana kisukari. Siku moja alirudi na chupa ya mafuta, uso umechangamka, na agizo moja: kuendelea kumeza vidonge baada ya kuombewa ni kukosa imani. Mume wangu akasema, "Mwache bwana, si unaona alivyo na furaha?" Nikanyamaza, lakini usingizi sikuupata. Sukari ina hila yake. Inapanda bila kupiga hodi, mtu anajisikia mzima kabisa huku macho na figo vinaharibika taratibu.

Naomba nieleweke. Mimi ni Mkristo, nasali, na naamini Mungu anaponya. Ninayemhoji si Mungu, ni aliyeshika kipaza sauti. Sasa utamjuaje wa kweli?

Wengi wetu tunaangalia ushuhuda. Mtu katupa magongo, ukumbi mzima shangwe, na wewe machozi yanakulenga. Lakini jukwaa linapambika. Mwaka 1986 kule Marekani, mhubiri Peter Popoff alikuwa akitaja majina ya wagonjwa na maradhi yao kana kwamba anafunuliwa. James Randi na wenzake wakanasa mawimbi ya redio: kumbe mkewe ndiye aliyekuwa akimsomea, naye anasikia kupitia kifaa kidogo sikioni. Hapa jirani, mwaka 2014, kipindi cha Jicho Pevu cha KTN kilionyesha kanisa moja la Nairobi ambako maji ya kuoshea miguu ya waumini yaligeuka mekundu kama damu. Ilikuwa pamanganeti, dawa ya dukani. Na sadaka ilikuwa na bei yake, Sh 310 za Kenya. Kwa hiyo kabla hujashangaa mtumishi kajuaje shida yako, kumbuka ile fomu uliyojaza getini.

Utasema, basi tuangalie pesa, asiyetoza kikubwa ndiye wa kweli. Hapo nakumbuka Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, yaani Babu, kupata kikombe cha Sh 500 tu. Hata hivyo wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo wenye VVU walioacha ARV wakiamini wamepona. Bei nafuu haipimi sukari wala virusi.

Kipimo changu ni kingine: mwangalie yule ambaye hakupona. Yuko wapi? Huduma ya kweli itakuwa naye, kwa sababu wagonjwa wengi wanaoombewa hubaki na ugonjwa wao, na kila mchungaji mkweli analijua hilo. Je, bado wanamtembelea? Au ameambiwa ana dhambi ya siri, imani ndogo, sadaka haitoshi? Ukisikia kosa siku zote ni la mgonjwa, ondoka. Huyo amejiwekea mlango wa kutokea mapema.

La pili, uliza kama unaruhusiwa kupima. Katika Luka 17 wale wakoma kumi waliagizwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya wakati ule ndio waliomkagua mwenye ukoma na kumtangaza safi. Uponyaji wa kweli hauogopi maabara.

Basi nikamwambia mama mkwe, bila kumvunjia heshima, "Mama, endelea na maombi, hatukukatazi. Ila vidonge usiache mpaka tupime. Kama umepona, daktari mwenyewe ndiye atakupunguzia dawa." Akakubali, tena akasema atawapelekea majibu wayasome kanisani. Tulipima. Alikuwa ameruka dozi za siku nne, na mashine ikasoma 19. Mume wangu aliangalia ile namba, akaenda mwenyewe kumletea maji ya kumezea dawa.

Mama alipeleka karatasi yake kama alivyoahidi. Akaambiwa ana roho ya mashaka, na karatasi haikusomwa. Hakulia, ila hakurudi tena. Siku hizi anasali kanisa dogo la mtaani kwao, ambako mchungaji humwekea mikono kichwani na kabla hajaondoka humuuliza, "Mama, dawa umekunywa?"

Wewe na mwenzi wako mkialikwa kwenye maombezi, nendeni kama mioyo yenu inawatuma. Ila mkifika, msikodoe macho jukwaani tu. Geukeni nyuma, mtafuteni aliyekuja mara ya tano na bado anaumwa, mkae naye, mumsikilize.